Kilometa za Hewani, Goma–Kinshasa

Micheline alipopanda kwenye mizani ya abiria katika uwanja wa ndege wa Goma, Bagalwa, mpimaji, aliusoma mshale mara mbili. Binti alikuwa mwembamba wa uso, lakini mizani ilisema ni mama wa watoto sita.

"Dada, umevaa robe ngapi?"

"Moja tu, papa."

"Na ile ya kijani inayochungulia chini ya ile ya manjano?"

Foleni nzima ikacheka. Alikuwa amevaa magauni matatu, ili sanduku lisizidi kilo. Bagalwa akaandika uzito kama ulivyo, kisha akaomba namba ya simu. Mama yake Micheline, Kanyere, aliyemsindikiza, alivuta mdomo. Yeye alitaka mukwe wa kutoka kwao Butembo.

Micheline akaenda Kinshasa kusomea uuguzi, na mapenzi yao yakawa ya simu. Barabara hakuna, ni pori tupu katikati. "Kilometa elfu moja na mia tano za hewani, chéri," alimtania kila Jumapili. "Masaa mawili na kidogo. Utakuja lini?" Bagalwa alijibu kwamba mwezi ujao. Hakumwambia kuwa yeye, anayepima wasafiri kutwa, hajawahi kupanda ndege, na kwamba kila moja ikiruka juu ya mabati ya mtaa wa Mapendo, viganja vyake hulowa.

Novemba 2012 mizinga ya waasi ikaanza kunguruma Kibati, nje kidogo ya mji. Kampuni ya ndege ikampa kila mfanyakazi kiti kimoja katika ndege yake ya mwisho kwenda Kinshasa. Micheline aliposikia, alilia kwa furaha. Asubuhi ya safari Bagalwa alipitia Mapendo, nyumbani kwa Kanyere, kumuaga, akamkuta peke yake, amekaa juu ya mafurushi, hana pa kukimbilia. Akampeleka uwanjani, akampa kiti chake. Ndege ilipomezwa na mawingu alijisikia mwepesi, na wepesi huo ukamtia haya.

Mchana, chumbani kwake Katindo, huku wanajeshi wa serikali wakiondoka mbio katika kambi ya jirani, simu ililia.

"Mama ameshuka," Micheline alisema. Sauti ilikuwa baridi. "Weye uko wapi?"

"Nimebaki."

"Kila mara 'mwezi ujao, mwezi ujao'. Kiti ulimupa juu ya mapendo, ao juu ya woga?"

Bomu likaanguka karibu, vioo vikatetemeka.

"Byote mbili. Ndege inaniogopesha kuliko vita, Miche. Nilikuficha hiyo."



"Mupumbavu wangu," Micheline akasema, machozi yakisikika sautini. "Uwanja ukifunguliwa, nitakuja mimi. Nitakaa pembeni yako, nikushike mukono mpaka Kinshasa. Leo usikufe tu."

"Nisipokufa, utakubali nikuoe?"

Simu ilinyakuliwa, na ikaja sauti ya Kanyere, bado ina mhemo wa safari.

"Mukwe, toka ku dirisha. Lala chini. Na simu usizime."

Bagalwa akalala kifudifudi kwenye saruji, simu sikioni, akisikiliza watu wawili wakipumua upande wa pili wa nchi.