Chumba cha Baridi cha Mama Kaliza

Kila asubuhi, hata kabla ya chai, Mugeni alikwenda nyuma ya nyumba kuangalia chumba chake cha baridi. Majirani zake wa Masaka, nje kidogo ya Kigali, walimwita Mama Kaliza. Wengi wao walikuwa na maharage au ng'ombe nyuma ya nyumba. Yeye alikuwa na samaki.

Samaki hao walitoka Kemondo, kando ya ziwa, upande wa Tanzania. Huko ndiko Mugeni alikokulia, kabla ya kuolewa na Sangwa. Kaka yake, Vitalis, aliwanunua kwa wavuvi, akawafunika barafu na kuwapakia kwenye gari la baridi. Mugeni aliwauzia wenye hoteli za Kiyovu na Nyarutarama, mjini Kigali.

Mama yao alibaki Kemondo. Macho yake yalikuwa yanafifia. Vitalis akipiga simu, mama aliinyakua mkononi mwake.

"Mugeni, mwanangu, unakuja lini?"

"Nikipata nafasi, mama."

"Hiyo nafasi nimeisikia tangu mwaka jana. Njoo nikuone wakati bado naona."

Simu ikikatika, Mugeni alirudi kwenye kreti zake. Alimkumbuka mama yake mpaka kifua kikamuuma. Alikumbuka sauti yake akiwaita watoto kula, na namna alivyowatolea miiba ya samaki, mmoja mmoja. Lakini angeondokaje? Yeye akiwepo, samaki waliharibika. Asipokuwepo ingekuwaje?

Maana waliharibika kweli. Walifika Jumamosi wakiwa wazuri, macho yao maangavu. Siku mbili tu baadaye walikuwa wamelegea na kuanza kunuka. Hoteli moja ya Kiyovu iliwarudisha wote, ikasema wakiletwa tena hivyo, haitanunua tena.

"Tuuze hii mashine," alisema Sangwa. "Tulime nyanya kama watu wengine."

"Nyanya zinatoka Kemondo?" Mugeni alijibu kwa hasira. Kisha akageuka upande, mume wake asione machozi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi walitoka kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Mugeni alikuwa bado na jembe begani. Jirani yake Auma alimfuata. Auma ni Mkenya, fundi wa mashine za baridi katika kampuni inayosafirisha mboga nje.

"Mama Kaliza, leo hata salamu hakuna? Kuna nini?"

Mugeni alimweleza yote, mpaka habari ya macho ya mama yake. Auma alisikiliza hadi mwisho.

"Gari lenu linakuja lini?"

"Leo mchana."

"Wacha nije nione. Usibadilishe kitu. Mfanye vile mnafanyaga siku zote."

Gari lilipofika, Auma alikuja na kipimajoto chenye ncha kali. Alikichoma kwenye mnofu wa samaki, katikati ya kreti.

"Nyuzi mbili. Huyu ni mzima kabisa. Dereva hana makosa, na kaka yako pia hana."

Aimable, kibarua wao, alianza kushusha kreti. Aliweka moja mlangoni ili mlango usijifunge. Akaingia na kutoka, akaingia na kutoka. Alikuwa amevaa fulana na kandambili. Kreti alizirundika mpaka ukutani.

Kazi ilipokwisha, Auma aliingia ndani. Alichungulia nyuma ya feni, akakuta mabomba yameganda barafu nene.

"Feni hii huzimwa mara kwa mara," alisema. "Nani huizima?"

Mugeni alimtazama Sangwa. Sangwa alimtazama Aimable. Aimable alitazama kandambili zake.

"Ni mimi," alisema mwishowe. "Mule ndani iko umuyaga, upepo mubaya, mama. Unaingia mu kifua. Nikiingia nazima, saa zingine nasahau kuwasha."

"Na mlango?"

"Naachaka wazi. Mukifunga, mu ndani hakuna pa kushika. Bibi yangu iko na mimba. Nikikufa mule, nani atamulisha?"

Sangwa aliruka. "Kumbe ni wewe unatumaliza! Tangu lini..."

"Baba Kaliza, pole pole," Auma alimkatiza. "Mmoja wenu aingie kwanza. Feni iwake, mlango ufungwe, apange kreti."

Sangwa ghafla akakumbuka kwamba dereva anamsubiri. Mugeni alijifunga kitenge vizuri, akaingia.

Mlango ulifungwa nyuma yake. Upepo wa feni ulimpiga usoni, ukaingia shingoni. Na Mugeni ni mtu wa Kigali sasa, mji wa watu wanaoogopa upepo. Ndani ya basi, abiria akifungua dirisha kidogo tu, yeye ndiye wa kwanza kulalamika kuhusu upepo! Alishika kreti yenye maji ya barafu, vidole vikafa ganzi. Alipapasa mlango, akaona ni bati tupu. Hofu ikamshika.

"Fungua! Aimable, fungua!"

Aimable alifungua mara moja. Mugeni alitoka akipuliza vidole vyake.

"Nisamehe," alimwambia Aimable. "Nilinunua mashine, nikakusahau wewe."

Auma aliwaeleza akiwa amesimama hapo hapo. "Chumba hiki hakimponyi samaki aliyepata joto. Kinamtunza tu aliye mzima. Mlango ukikaa wazi, joto linaingia. Feni ikizimwa, baridi haizunguki, na barafu inaziba mabomba. Kreti zikigusa ukuta, hewa haina pa kupita. Samaki wa katikati anapata joto, na hata ukimpoza tena, ule uharibifu umeshaanza."

"Na ile saa ya kupimia joto pale ukutani? Mbona inaonyesha vizuri?" Mugeni aliuliza.

"Hiyo inapima hewa ya pale ilipo. Pima samaki mwenyewe."

Wiki hiyo fundi wa milango aliweka mkono wa kufungulia mlango kutoka ndani. Mugeni alimnunulia Aimable koti zito, glavu na buti. Mlangoni walining'iniza mapazia ya plastiki. Waliyeyusha barafu ya mabomba, wakaacha nafasi kati ya kreti na ukuta. Samaki waliotangulia kuingia wakawa wa kwanza kutoka.

Aimable alivaa koti lake, akajitazama, akacheka. "Sasa niko kama mutu wa Ulaya!" Tangu siku hiyo alifunga mlango nyuma yake, na feni hakuigusa tena. Kila asubuhi na jioni alimpima samaki.

Mzigo uliofuata ulikaa zaidi ya siku mbili, na samaki wakabaki wagumu, wekundu matamvuani. Hoteli ya Kiyovu iliwachukua bila neno. Mzigo wa tatu pia.

Mwezi uliofuata, Mugeni alimwachia Aimable funguo. Sangwa alibaki na kazi ya kupeleka samaki hotelini. Mugeni akapanda basi la kwenda Kemondo.

Mama alikuwa ameketi barazani. Alimvuta binti yake karibu, karibu zaidi, mpaka nyuso zao zikakaribia kugusana. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Umenenepa," alisema. "Nimeona."

Mugeni alilia bila kuficha. Walikuwa bado wameshikana mikono simu ilipoita. Alikuwa Aimable.

"Mama Kaliza, gari imefika. Nimepima, iko nyuzi mbili. Samaki yote iko sawa."

"Asante sana, Aimable."

"Usikimbie kurudi. Sisi tuko."

Mugeni aliweka simu chini. Mama alikuwa ameachia mikono yake na kugeuza uso.

"Wanakuita?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana, mama. Wamesema nikae."