Rangi ya Juu

Nyekundu ilipaswa kukaa chini. Yeyote aliyewahi kupanga shoti za rangi, vile vinywaji vya tabaka kwenye glasi ndogo, anajua hivyo: kizito cha sukari kinatangulia, chepesi kinafuata, na pombe kali inamalizia juu, ikiteremshwa taratibu kwenye mgongo wa kijiko. Honorata alikuwa amejifunza kwenye simu, akiharibu na kumwaga jikoni mwake Ujiji, hadi mkono ukazoea. Alitanguliza nyekundu, akafuatisha njano ya pasheni, akamalizia na pombe aliyoitia rangi ya bluu. Akaiweka glasi mezani.

Nyekundu ikapanda. Ilipita kwenye njano bila kuichafua, ikapita kwenye bluu, ikatulia juu kabisa.

"Sha, dada! Umefanyaje hapo?" Elida, mdogo wake, alikuwa amesimama mlangoni na kitenge chake kipya, akapiga makofi.

"Ufundi," Honorata akajibu.

Ufundi gani! Hakujua imetokeaje, ila hakuwa mtu wa kukubali mbele ya mdogo wake kwamba kuna jambo limemshinda. Siku hiyo ilikuwa kicheni pati ya Elida, wanawake wamejaa uani, na sirapu nyekundu ilikuwa imekwisha kwenye glasi za wageni kabla ya kuifikia ya bibi harusi. Duka lilikuwa mtaa wa pili tu. Lakini vigelegele vilikuwa vya Elida tangu asubuhi, na Honorata alitaka kutoka na ile glasi wakati huohuo, apigiwe yeye angalau kimoja. Alimpenda mdogo wake, hilo nisimnyime. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyeuza mawese Mwandiga ili Elida asome. Na alimwonea wivu, hilo nalo nisilifiche. Mdogo anaolewa na Alphonce wa bandarini, mkubwa anamimina vinywaji.

Basi, kabla ya kuipanga glasi ile, alikuwa amefungua chumba cha ndani.

Nyumba ilikuwa ya Bi Yasmini, mama mtu mzima aliyekuwa amekwenda msibani Kidahwe. Siku aliyowapangisha aliwaonyesha mlango ule na kuwaambia bila kupepesa jicho, "Humo mna Mgeni wa marehemu baba yangu. Chake ni chake." Ndani mlikuwa na sinia lenye kitambaa chekundu, chetezo, na chupa ya sharubati ya waridi ambayo bibi huyo aliijaza kila Alhamisi na ambayo hakuna aliyeionja. Wapangaji wengi wa Ujiji wamewahi kuishi na chumba kama hicho, na wana adabu ya kupita mlangoni kimya. Honorata alijiambia kwamba yeye ni mtu wa kanisani, mambo ya sinia hayamhusu, akaichukua chupa iwe nyekundu ya bibi harusi.

Elida aliinywa glasi yake uani kwa mkupuo mmoja. Vigelegele vikapigwa, kimoja kikawa cha Honorata kweli, akatabasamu. Halafu harufu ya waridi na udi ikatanda juani mchana kweupe, nzito hata wenye watoto wakawafunika pua, na kuku waliokuwa wakichakura kando ya karo wakatulia, wote wakimtazama bibi harusi.

"Elida?" Honorata akanong'ona. "Mbona umekaa hivyo?"

Elida alikuwa amekaa wima mno, mikono juu ya magoti. Midomo ilifunguka, ikatoka sauti ya mwanamume mtu mzima, mpole, mwenye heshima zake.

"Ahsante," ikasema. "Sijawahi kunyweshwa katikati ya watu."

Uani hakukubaki mtu. Honorata alimburuta mdogo wake hadi chumbani, akafunga mlango, akakaa kitandani akiushika mkono ambao ulikuwa wa Elida kwa ngozi na kovu la kisu cha jikoni, lakini ulikuwa ukipapasa kidole kimoja kimoja cha Honorata kama mtu anayechagua nyanya sokoni, na kila alipouachia ulimfuata, na kila alipomwita Elida ile sauti ya kiume ilicheka chini kwa chini, na nyuma ya kicheko, mbali sana, kama mtu anayeita akiwa ndani ya kisima, alisikia mtoto wa mama yake akilia.

Bi Yasmini alirudi na bodaboda jua likizama. Hakugomba. Aliweka mkaa kwenye chetezo, akatupia ubani, akainama sikioni mwa Elida, wakanong'onezana na yule aliyekuwamo. Kisha akamgeukia Honorata.

"Elida wako hajafa," akasema kwa sauti ya chini. "Amelala chini, Mgeni amekaa juu yake. Hawajachanganyika. Anaweza kuinuka leo hii."

"Mtoe basi, Bi Yasmini. Nakuomba."

"Simtoi, namhamisha. Mgeni ni wa yule aliyemmiminia kwa mkono wake. Huyo nikimtaja, Mgeni anamhamia, anakaa naye hadi kaburini. Mtu unamtaja mara moja tu. Ukinidanganya, huyo utakayemtaja ndiye wake, na mimi sina dawa nyingine." Akamshika bega. "Nani alimimina?"

Moshi ukapanda. Kitandani Elida alifumba macho, chozi likamshuka shavuni, na lile chozi halikuwa la Mgeni. Honorata aliliona. Alifungua mdomo aseme "mimi". Akawaza ile mikono ikimpapasa kwa ndani, kila siku, hadi anazeeka.

"Yeye mwenyewe," akasema. "Alijimiminia."

Bi Yasmini akamwaga maji kwenye mkaa. "Basi amejialika mwenyewe. Masikini binti wa watu."

Kwa Alphonce walituma watu kusema uchumba umevunjika. Nani aoe nyumba yenye mwenyewe? Elida akahamishiwa chumba cha ndani, kando ya sinia. Mgeni hataki tena sharubati ya chupa. Ameonja ile ya tabaka, anataka hiyo, na anataka apangiwe na yule aliyeanza. Kwa hiyo Honorata anaingia na kijiko chake, anapanga, na nyekundu inapanda yenyewe.

"Ahsante, mpambe wangu," ile sauti ya upole inamwambia. "Una mkono mzuri."

Kujifariji kwake kulikuwa kumoja: kwamba huko chini Elida amelala tu, hajui kitu. Alijiambia hivyo akifua, akipika, akipiga magoti kanisani. Hadi alasiri moja Mgeni aliposinzia glasi ikiwa nusu, uso ule ukalegea, macho yakafunguka, yakawa macho ambayo Honorata aliyafuta tongo tangu utotoni.

"Dada," Elida akanong'ona, pumzi zikimkatika. "Dada, huku chini silali. Nilikuwa mlangoni nikikuona unamimina. Na nilisikia ulichomwambia Bi Yasmini."

Honorata alikishika kijiko kwa mikono miwili.

"Nenda kamwambie ukweli, dada. Labda kuna njia. Fanya haraka, anaamka..."

Honorata akainuka. Akautazama mlango, akautazama uso wa mdogo wake. Kisha akachukua chupa ya sharubati, akamshika kidevu, akammiminia nyekundu mdomoni, taratibu, kwa mgongo wa kijiko, hadi sauti ya mdogo wake ikanyamaza.