Mafua ya Fundi Pua

Mtaani walimwita Fundi Pua, na jina hilo lilimpendeza. Alikuwa seremala. Mteja akileta mbao, fundi hakuuliza imetoka wapi. Aliikwaruza kidogo kwa randa, akaiinamia, akavuta pumzi ndefu. Kisha alitaja mti wake, na kusema kama imekauka au bado ina maji. Wengine walileta mbao ili tu kumjaribu, wakaondoka wanacheka na kutikisa vichwa.

Kwa hiyo hakuvaa barakoa. Ukimwambia avae, alikuja juu.

"Seremala akifunika pua atajuaje mbao?" alisema. "Wewe ukionja mchuzi unafunga mdomo?"

Mkewe ndiye aliyepiga msasa, ndiyo maana watoto wa majirani walimwita Mama Msasa. Fundi alipasua mbao, akaranda, akaunga. Mama Msasa alilainisha. Alikuwa na mkono mwepesi, na meza iliyopita kwake ungeweza kuilalia shavu.

Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Nyuma ya pazia walipika, wakala, wakalala. Watoto wao walikuwa wameshaondoka, kila mmoja na maisha yake. Vumbi halijui pazia. Lilikaa juu ya mfuniko wa sufuria, juu ya mito, hata ndani ya viatu vya kutokea.

Jioni, kazi ikiisha, walikuwa na mchezo wao. Fundi aliwasha mashine ya upepo, ile ya kupulizia vanishi, akampuliza mkewe vumbi kuanzia kichwani hadi miguuni. Mama Msasa aliinua mikono, akazunguka, akacheka kama msichana. Chumba kizima kilijaa ukungu wa vumbi. Kisha naye akampuliza mumewe. Katika ndoa yao yote, hakuna alichokipenda Mama Msasa kuliko dakika zile.

Baada ya hapo walipiga chafya, mume zake na mke zake.

"Mafua ya kazi," fundi alisema. "Fundi asiye na mafua, huyo mbao hazimjui."

Ikafika jioni moja Mama Msasa akashindwa kuzunguka. Aliinua mikono, akakohoa, akashika ukingo wa meza. Kifua kilibana kama kimefungwa kamba. Ukimkaribia ulisikia mluzi ndani yake. Tangu siku hiyo mluzi ukawa wake. Alipokwenda kumuuguza dada yake mji mwingine, mluzi uliisha. Aliporudi akashika msasa, nao ukarudi. Mumewe alisema ni hali ya hewa ya huku, naye akaona heri iwe hali ya hewa.

Lakini hofu yake kubwa haikuwa kifua chake. Ilikuwa pua ya mumewe. Zamani mafua yake yalikuja na kuondoka. Leo yaliziba tundu hili, kesho lile. Sasa tundu la kulia lilikuwa limeziba na haliachii. Asubuhi leso ilikuwa na damu. Shavu la upande ule lilianza kujaa, na jicho lake likawa linatoka machozi bila sababu.

"Baba, twende hospitali," alimwambia.

"Kwa mafua? Tutachekwa."

"Yana damu."

"Nimeyapenga kwa nguvu. Mama, niache nimalize kitanda cha watu."

Kitanda chenyewe kilikuwa cha Sista, muuguzi wa kliniki ya kifua, jirani yao wa nyumba ya pili. Sista hakuwa mtu wa maneno mengi. Alifika jioni kukitazama kitanda chake, akamkuta fundi anampuliza mkewe, na mkewe anakohoa huku anajilazimisha kucheka.

"Zima hiyo mashine," alisema Sista. Hata hodi hakupiga.

Fundi akazima. "Karibu, Sista. Kitanda chako hicho, bado vanishi."

"Kitanda baadaye. Mama, kifua hicho kina muda gani?"

"Kinakuja na kuondoka, Sista."

"Ukiwa mbali na vumbi kinakuwaje?"

Mama Msasa alimtazama mumewe. "Kinatulia," akasema.

Sista akamgeukia fundi. Aliangalia shavu, akaangalia jicho. "Na wewe? Harufu unasikia?"

Fundi alicheka. "Unamuuliza nani? Unamuuliza Fundi Pua?"

"Fumba macho."

Sista aliokota kitambaa mezani, akakichovya kwenye kopo la tapentaini, akamsogezea puani. Mama Msasa alikuwa mbali, lakini harufu kali ilimfikia akakohoa.

"Hiki ni nini?" Sista aliuliza.

Fundi alivuta pumzi. Akavuta tena. "Mbao," alisema polepole. "Mbao mbichi."

Hakuna aliyecheka. Fundi alifumbua macho, akaona kitambaa, akainamisha uso.

"Tangu lini?" mkewe aliuliza.

"Zamani."

Mama Msasa aliketi juu ya kitanda cha Sista. Sasa alielewa. Kwa muda mrefu mumewe alikuwa akimwita, "Hebu nusa hii mke wangu, unaonaje?" Yeye alidhani anadekezwa. Kumbe alikuwa akiazimwa pua. Mbao nyingine fundi alizijua kwa macho na kwa uzito, kisha akajifanya ananusa. Na bado alikataa barakoa. Mama Msasa alimwona mumewe amesimama na mikono mitupu, akamhurumia.

"Kesho wote wawili," alisema Sista. "Nitawangoja."

Kliniki, Mama Msasa alipuliza kwenye kifaa cha kupimia pumzi. Alipuliza kwa nguvu zake zote, na nguvu zenyewe hazikuwa nyingi. Daktari wa kifua alisoma vipimo, kisha Sista akakaa naye kumweleza.

"Una pumu, Mama. Na imeletwa na kazi."

"Pumu si ya kurithi? Kwetu hakuna."

"Wengine huipata ukubwani. Sikiliza. Mwili una kinga, kama mlinzi wa getini. Vijidudu vya ugonjwa vikija, anavipiga. Ndiyo kazi yake. Mlinzi wako amekosea. Ameliona vumbi la mbao, akalihesabu kuwa adui. Huko kukosea ndiko tunakoita mzio. Kila ukipiga msasa, yeye anatoka na rungu. Na anapigania wapi? Humo humo ndani ya njia zako za hewa. Zinavimba, zinabana, zinajaa makohozi. Ndio huo mluzi."

"Nikipata dawa nitarudi kwenye msasa?"

"Hapana. Dawa hii ya kuvuta itakusaidia kupumua. Lakini mlinzi akishamchukia mtu, hamsahau. Ukiendelea na vumbi, njia zako za hewa zitaota makovu, na hapo hata dawa haitazifungua vizuri."

Mama Msasa aliishika ile dawa mkononi. "Na Baba? Naye ni mzio tu?"

"Pengine alianza na mzio. Lakini mafua ya mzio kwa kawaida huja na kuondoka, na mara nyingi husumbua matundu yote mawili. Tundu moja likiziba lisiachie, tena na damu, uso kujaa, harufu kupotea, huyo mtu aende kwa daktari wa pua upesi. Asingoje."

"Sisi tumengoja, Sista."

Sista alimshika bega.

Daktari wa pua alichukua kipande kidogo cha nyama puani mwa fundi, kikapelekwa maabara. Majibu yalipotoka, daktari alivuta kiti chake karibu nao kabla ya kusema. Mama Msasa alijua hapo hapo.

"Ni saratani," daktari alisema. "Imeota kwenye uwazi ulio nyuma ya shavu."

"Mafua yamegeuka saratani?" fundi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hapana, mzee. Mzio haugeuki saratani. Watu wengi sana wana mzio na hawatapata saratani maishani. Kosa ni la vumbi. Vumbi la mbao, hasa mbao ngumu, likiingia puani miaka na miaka, linachubua ngozi laini ya ndani. Ngozi inajitengeneza, vumbi linaichubua tena. Mwisho chembe nyingine za mwili zinaharibika na kuota ovyo. Kwa hiyo vumbi moja limefanya mabaya mawili. Kwa mkeo limeamsha mzio na pumu. Kwako limeleta hili."

"Lakini mafua nilikuwa nayo tangu ujana."

"Ndiyo, na yalikuzoesha. Ugonjwa mpya ulipoingia, ukaudhania ni ule wa zamani. Mngekuja mapema..." Daktari aliishia hapo.

"Na mapafu yake?" aliuliza Mama Msasa.

"Picha haionyeshi saratani humo. Ila yamechakaa, kwa vumbi na kwa sigara. Sigara aiache leo."

Fundi alitoa pakiti ya sigara mfukoni, akaiweka juu ya meza ya daktari.

Matibabu yalikuwa marefu. Madaktari walimpasua, wakatoa mfupa wa shavu, na jicho la kulia wakashindwa kuliokoa. Kisha ikaja mionzi. Ngozi ya uso iliungua, mdomo ukapata vidonda, chakula kikawa uji na tena uji. Mama Msasa alishinda kwenye benchi la wodi. Alikuwa akiiwaza ile mashine ya upepo. Walikuwa wakipuliziana vumbi na kuona wanapendana. Na kweli walikuwa wanapendana. Hilo ndilo lililomliza.

Fundi alipolala wodini, Mama Msasa na Sista waliigeuza karakana. Meza ya kazi na msumeno vilihamia uani, chini ya banda lisilo na kuta. Chumba cha mbele kilifutwa kwa kitambaa kibichi, ukuta kwa ukuta, kwa sababu kufagia vumbi kavu ni kulirudisha hewani. Mama Msasa alikaa nje siku hiyo, Sista ndiye aliyefuta. Mashine ya upepo ilibaki kwa vanishi tu. Mdogo wake fundi, naye seremala, ndiye aliyeshika kazi. Alivaa barakoa maalumu ya vumbi, inayobana uso pande zote, si kitambaa cha kujifunga. Nguo za kazi alizivulia nje na kuziacha huko huko. Mbao za kupigwa msasa zilipelekwa karakana kubwa yenye mashine za kufyonza vumbi.

Mama Msasa aliweka msasa chini moja kwa moja. Sasa alipokea wateja, akapima vyumba vyao, akachora kabati kabla halijatengenezwa. Mwanzoni mikono ilimwasha kwa kukosa kazi. Watoto wa majirani waliendelea kumwita jina lile lile, wala hakuwakatalia.

Mafundi wa mtaani walikuja kumjulia hali mwenzao alipotoka hospitali. Walikaa, wakatazama pale palipokuwa na shavu, wakatazama chini. Sista alikuwa amewahubiria habari za vumbi siku nyingi na hawakusikia. Uso wa Fundi Pua uliwaambia mara moja. Mmoja wao, aliyekuwa na tundu moja la pua lililoziba, alikwenda kupimwa. Akakutwa na uvimbe usio wa saratani, ukatolewa, akarudi anapumua. Fundi Pua alimshangilia kwa moyo mkunjufu, kisha akaingia ndani akakaa peke yake.

Mama Msasa alimfuata. Alimkuta kwenye kitanda, amegeukia ukuta.

"Kifua chako kimenyamaza," fundi alisema. Maneno yake siku hizi yalitoka yakivuja, ilibidi umzoee ndipo umwelewe.

"Kimenyamaza."

"Nilikuwa nakisikia, mke wangu. Muda wote ule. Tukilala nilikuwa nakisikia."

"Ulisema hali ya hewa."

"Ningekubali kwamba vumbi linakuumiza wewe, ningelazimika kukubali kwamba linaniumiza na mimi. Na harufu ilikuwa imeshaniacha. Niliogopa. Nikakuacha unaumia ili mimi nisijue."

Hasira ilimpanda Mama Msasa, hasira ya kweli, hadi masikio yakapata moto. Alitaka kumuuliza kama hayo ndiyo yaliyokistahili kifua chake. Alitaka pia kumwambia yamekwisha. Lakini hayakuwa yamekwisha. Daktari angempima tena, na tena baada ya hapo, na hakuwa ameahidi kitu. Yeye mwenyewe alikuwa anapumua, anavuta hewa hadi chini kabisa, bila mluzi. Na kila pumzi nzuri aliyoivuta ilimkumbusha kwamba wamechelewa upande wa mumewe.

"Sogea nikae," alimwambia.

Fundi akasogea. Mama Msasa alizunguka kitanda, akakaa upande wa jicho lililobaki, ili mumewe aweze kumwona.