Mlambazulia na Pembe ya Chetezo

Je, wewe umewahi kuona zulia likilambwa? Basi Tanga ya siku hizo mazulia yalilambwa kila Ijumaa, na Bi Zamzam wa ghorofa ya tisa hukaa kitini akatazama. Mlambazulia alikuwa mpana kama sinia la pilau ya harusi, mfupi, hana kichwa. Hutema povu, akalisugua kwa ulimi wake wa nyuzi, akalifyonza pamoja na uchafu wote, kisha akasogea shubiri moja mbele. Haruki hata ua moja la zulia.

"Mwanao kakuletea mkwe wa chuma!" jirani yake Bi Mwanakombo alimtania siku mlambazulia alipofika. "Hali, hanuni, wala hatakwambia chumvi imezidi."

Mwana huyo ni Idarusi, fundi mitambo katika mji wa Mwezini, kule juu kwenye mwezi, mwaka wa nne sasa. Zamani yeye na mama yake ndio waliolipandisha zulia lile hadi juu ya paa kwenda kulifua, huyu kashika ncha hii, huyu ile, wakigombana njia nzima. Alipohamia Mwezini akabuni ubongo wa mlambazulia, mama asiumie magoti. Akamtia na jicho-joto, linaloona joto la mwili hata nyuma ya pazia, maana dawa ya povu lile ni kali mpaka likauke. Paka akilikanyaga atalamba nyayo, na akilamba kaimeza.

Kwa hiyo kila Ijumaa, kabla ya kutema tone, mlambazulia husema, "Bi Zamzam, chumbani mna kiumbe. Mtoe, asirudi kwa muda wa saa nne." Naye humbeba Kashata, paka wake mzee wa rangi ya samli, akamfungia jikoni na kibakuli cha maji.

Lakini Ijumaa ni siku ya udi pia. Mara moja, Kashata yuko jikoni kafungiwa, mlambazulia akagoma.

"Pembeni mna kiumbe."

"Kiumbe gani? Hicho chetezo."

"Kina joto."

"Si makaa hayo! Haya, shika neno langu: pembe ile, chenye joto si kiumbe."

"Nimeshika."

Na kweli alishika. Vyuma havisahau.

Ikaja masika, baridi ikaingia mpaka kwenye mito ya viti. Ijumaa ile Bi Zamzam alitia udi, akaenda jikoni kukuna nazi. Zamani angemtafuta paka kwanza, chini ya kitanda, juu ya kabati. Ila alikwisha kuzoea kukumbushwa. Hakusikia kitu, akajua Kashata yuko roshani.

Kashata alikuwa amelala pale pale penye joto, ubavu wake karibu ya chetezo.

"Kazi imekwisha," mlambazulia akasema. "Viumbe chumbani: hakuna."

Bi Zamzam alimkuta Kashata chini ya kiti, manyoya yamelowa povu, anajilamba kwa bidii kama paka yeyote msafi. Mate yalikuwa yanamchuruzika. Akamwosha kwa maji ya vuguvugu mara tatu, akamzongazonga kwa khanga, akampeleka kwa daktari wa wanyama, ghorofa ya pili.

"Kumwosha umefanya vyema, bibi," daktari akasema. "Lakini ameshameza."

Kabla ya alasiri alikwisha kufa. Bi Zamzam akarudi na khanga imekunjwa mkononi. Hakulia. Akaiona nazi aliyoiacha nusu, akamalizia kuikuna.

Jioni uso wa Idarusi ukatokea kwenye ukuta wa kioo. Sauti ya Mwezini hukawia kidogo kwenda na kurudi, kama mtu anayemeza mate kabla ya kujibu.

"Mama, nimesoma kumbukumbu zake. Alifuata neno lako."

"Najua."



"Siyo kosa lako, Mama. Mimi ndiye niliyempa jicho bila sikio. Nitamtia sikio-moyo, asikie mapigo. Makaa hayana mapigo."

"Vizuri."

Bi Zamzam alilitazama zulia. Limetakata, maua yake mekundu kama siku lilipotoka dukani. Kwenye pembe ya chetezo hapakuwa na unyoya hata mmoja wa rangi ya samli. Akautafuta kwa macho, polepole, ua kwa ua.

"Mama? Mbona hunisemeshi? Niambie unataka nini, nikuletee. Paka mwingine? Kila nikikuuliza unasema huna haja."

Miaka minne alisema hana haja. Alisema hivyo hata mlambazulia alipofika ndani ya sanduku, akashukuru na kuomba dua. Sasa akaiweka khanga mapajani, akainyoosha mikunjo.

"Nilitaka uje, Idarusi," akasema. "Uje ushike ile ncha ya pili ya zulia."