Bomba Ndani ya Bomba

Bafu la Khatibu lilianza kunukia maziwa siku ya tatu baada ya fundi kumaliza kazi.

Harufu ya majitaka wangeielewa. Waliishi nayo karibu mwaka mzima, hata wageni walijifunza wenyewe kukaa upande wa barazani. Hii ilikuwa nyingine kabisa, harufu ya shingo ya mtoto mchanga aliyecheua. Ilipanda kutoka kwenye tundu la sakafuni, pale maji ya kuogea yanapoingilia. Rabia, mke wa Khatibu, aliinama akainusa, akainuka, akaenda kuchambua mchele. Hakumwambia mtu.

Siku hizo hakuwa akimwambia mtu kitu. Alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Pangani. Serikali ilimleta Kasulu miaka tisa iliyopita, na Khatibu muuza vitambaa akamwoa hukuhuku. Walikuwa na binti mmoja, Yasmini, wa miaka mitano. Miezi saba kabla ya habari hizi, Rabia alijifungua mtoto wa kiume asiye na pumzi. Kabla hajazinduka vizuri wodini, Khatibu alikuwa ameshamzika nyuma ya bafu, kwenye udongo mbichi, kama wanawake wa mtaani walivyomshauri, ili tumbo la mama lisikauke. Rabia hakumwona. Hakuna aliyempa jina. Aliporudi nyumbani alifua, akapika, akaenda shuleni kusahihisha madaftari. Watu wakamsifu kwa subira. Subira gani! Mwanamke alikuwa amekufa ganzi kuanzia utosini hadi kwenye kucha, na kwa kuwa chakula kilifika mezani kwa wakati, hakuna aliyegundua.

Sasa kisa cha bomba. Bomba la majitaka, la zege, lilitoka bafuni likaenda hadi kwenye shimo nyuma ya uzio, nalo lilikuwa limepasuka katikati. Katikati palepale ndipo alipozikwa mtoto. Kila fundi aliyekuja alitaka kuchimba, na kila mara Rabia alisema hapana. Ni kitu pekee alichokikataa katika miezi ile saba.

Ndipo akaja Tharsisi, fundi wa Muyama, mtu mwenye maneno mengi na mikono safi kuliko mafundi wenzake.

"Mwakeye, mama," alisalimia kwa Kiha. "Mimi sichimbi mtaro. Natoboa kashimo kamoja huku bafuni na kamoja kule mwisho. Napitisha waya, nafunga bomba la plastiki, navuta kwa winchi. Bomba linalala ndani ya bomba. Hata nyasi hazijui."

"Na pale katikati?"

"Hapaguswi, mama. Nakuapia."

Kabla ya kuvuta, aliomba maji ya moto ya kuyeyusha mafuta yaliyoganda ndani. Rabia akachemsha sufuria zima. Kwao Pangani hakuna mwanamke anayemwaga maji ya moto kwenye tundu la bafu kabla ya kutaja jina la Mungu na kuwaambia majini waliomo wapishe. Rabia aliwahi kupigwa kofi na mama yake kwa kulisahau hilo, akiwa na miaka minane. Siku hiyo hakusahau. Alikumbuka vizuri, sufuria likiwa mikononi, ila hakuona sababu ya kufungua mdomo. Akamwaga. Kitu kikapiga ukelele chini, mfupi, na Tharsisi kule mwisho akacheka kwamba mvuke umepata njia. Kisha akavuta winchi, na bomba jeusi likaingia lote.

Baada ya harufu ya maziwa ikaja sauti. Ilikuja alasiri, wakati watu wameketi na chai yao, jua likiwaka. Mlio wa kunyonya. Ulitoka chini ya sakafu, ukasimama kama mtoto anayevuta pumzi, ukaendelea. Rabia alijitazama kifuani, akaona blauzi imelowa pande zote mbili. Maziwa yaliyokwisha kukauka miezi saba nyuma yalikuwa yakimtoka. Alibadili blauzi. Hakuogopa, na hilo peke yake lilipaswa kumwogopesha.

Siku iliyofuata Yasmini aliamka na lengelenge begani, kubwa, limejaa maji.

"Nani kakuunguza?" Khatibu alimuuliza.

"Hakuna, baba. Mtoto ananiita nimtoe. Amebanwa."

Khatibu alimtazama mkewe. Mkewe alitazama ukuta.

Kesho yake malengelenge yalikuwa matatu, keshokutwa saba, na daktari akapaka dawa akauliza kwa ukali ni nani anayemmwagia mtoto maji ya moto, na wakarudi nyumbani na dawa yao, na Yasmini akalala kifudifudi kwenye mkeka kwa sababu mgongo wake haukuwa tena mahali pa kulalia, na kila alasiri ile sauti ya chini ilipoacha kunyonya na kuanza kulia, ngozi ya binti yule ilijivuta na kutuna mbele ya macho ya wazazi wake, bila moto, bila maji, bila mkono wa mtu yeyote.

"Tutampoteza na huyu," Khatibu alinong'ona. "Rabia, unanisikia? Na huyu!"

"Nakusikia," alisema Rabia.

Khatibu akampigia simu Bi Mwanaamina wa Kibondo, mganga mwenye asili ya pwani. Alifika na ubani wake, chetezo chake na hasira za barabarani. Khatibu alimwita na Tharsisi, maana ndiye aliyejua kilichopo chini ya ardhi. Mganga alipoyaona malengelenge aliuliza habari za maji ya moto, na Tharsisi akamsimulia yaliyomwagwa bombani.

Bi Mwanaamina alifukiza, akasoma, akamfunika Yasmini shuka jeupe. Alizoea majini wa pwani, wanaojibu kwa Kiarabu na kuomba halua. Mtoto alipofungua mdomo, sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, nzito, yenye uchovu. Bi Mwanaamina hakuelewa hata neno moja.

Tharsisi aliyekuwa mlangoni alishika kizingiti. "Imana yanje, Mungu wangu," alisema. "Anaongea Kiha, mama. Kiha cha zamani, kama cha bibi yangu."

Yasmini mwenyewe hakujua Kiha.

"Basi tafsiri!" Bi Mwanaamina alimkemea kwa sauti ya chini. "Mwambie, tumejua tumemuunguzia mwanawe. Tunaomba radhi. Amchukue aende."

Tharsisi alisema. Ile sauti ikajibu kirefu, na fundi akamgeukia Rabia.

"Anasema hana mtoto. Hakuzaa kamwe. Anasema... mama, nisamehe. Anasema aliyeungua ni huyu wenu wa nyuma ya bafu. Alimkuta kwenye udongo, hana jina, hana aliyemlilia. Akamwokota. Miezi saba anamlea. Alikuwa akimwogesha humo bombani, kwa maji mnayoogea, siku mlipomwaga yale ya moto. Halafu mimi nikavuta bomba. Mtoto amebanwa katikati ya bomba na bomba, na mlezi hawezi kumtoa. Mtoto anamwita dada yake, na uchungu wake unapita kwa dada."

Khatibu alikaa chini.

"Anataka nini?" aliuliza Bi Mwanaamina.

"Pachimbwe pale katikati. Na mama yake amruhusu aondoke naye. Bila ruhusa ya mama hawezi. Msipochimba, huyu binti hafiki kesho."

Wote wakamgeukia Rabia. Alisimama ukutani na blauzi yake iliyolowa.

"Muulize kama mtoto analia," alisema.

"Tangu siku ile, mama. Hajanyamaza."

"Akienda naye atanyamaza?"

Tharsisi aliuliza, akasikiliza. "Ego, ndiyo. Atanyamaza."

Rabia akatoka nje, akachukua jembe, akaenda nyuma ya bafu. Alikata ardhi mwenyewe. Tharsisi alipotaka kumsaidia alimsukuma kando, na hakuna aliyethubutu tena. Akachimba pale alipokataa watu wote kuchimba, jua likimpiga kisogoni. Alipofika kwenye zege bila kukuta chochote udongoni, kilio kilikuwa chini ya nyayo zake, wazi, cha mtoto aliyelia hadi sauti ikapasuka, na kila pigo la jembe lilimjia hadi kwenye meno, naye akaendelea kupiga, akapiga, mpaka zege likavunjika na mvuke wa moto ukatoka katika ardhi iliyokuwa ya baridi.

"Nenda naye!" alisema.

Ukimya ulikuja mara moja. Kitu kikampita karibu na shavu, chepesi, kinanukia maziwa, kikaelekea upande wa migomba. Ndipo uchungu ukamwanza Rabia kwenye nyayo na kupanda, kama mguu uliolaliwa usiku kucha unapoamka, ukapita magotini, tumboni, ukafika kooni. Akapiga yowe. Alilia ndani ya shimo lile mpaka Khatibu akashuka kumshika, naye Khatibu akalia, na majirani wakaja wakidhani kuna msiba. Ulikuwepo. Walichelewa miezi saba tu.

Jioni Yasmini aliomba uji. Malengelenge yalikuwa yamenywea.

Mwaka uliofuata Rabia alikwenda kliniki na mimba ya miezi minne, Khatibu akiwa kando yake. Muuguzi, dada mgeni wa kazi, alifungua kadi mpya akaanza kuuliza. Umri. Mimba ya ngapi. Ya tatu.

"Watoto walio hai?"

"Wawili," Rabia alisema.

Muuguzi aliandika mbili. "Wote unaishi nao?"

Khatibu alitazama sakafu. Rabia alijifunga khanga vizuri kiunoni.

"Mmoja," alisema. "Mwingine yuko kwa mama yake mlezi."