Mlango wa Ziwani kwa Papa Germain

Sogeeni, wajukuu, sogeeni kabisa. Wewe unayecheka kule nyuma, funga mdomo, hadithi hii haipendi wa kuikatiza. Vizuri. Sasa hata nzi nimsikie.

Ilianza na maji ya bukari, ugali wetu. Mama Henriette aliteleka sufuria saa sita mchana, jua likichoma mabati, makaa mekundu. Akangoja. Maji yakakaa kimya. Akachovya kidole: baridi ya kuuma meno.

"Makaa ya siku hizi ni ya uongo," akasema, akajichekea.

Jana yake, mume wake, Papa Germain, alikuwa ameziba mlango wa jikoni, ule unaotazama ziwa. Mnakumbuka Tanganyika ilivyopanda, ikameza nyumba za watu hapa Kalemie. Papa Germain akataka asiranse, bima ya nyumba, maji yakiila asilale na mtoto chini ya shitingi, turubai la msaada. Wilfried, kijana wa biro, ofisi ya asiranse, akaja na viatu vya kung'aa. "Papa, mlango huu unakaribisha maji. Ziba, tunatia sahihi."

Fundi akaziba jioni ileile.

Sasa, watu wa ukingo ule wana desturi yao. Kipwa, kiangazi chetu, kikiingia na upepo wa kusini, kila jioni wanaacha makaa kwenye mlango wa ziwani. Kuna mwenye baridi huko chini, anapanda kuota moto, halafu anarudi kwake. Papa Germain na mke wake walitoka Nyunzu, hawakujua. Jirani yao Mama Mado, mjane, ndiye aliyewawekea makaa, nao wakamwacha, wakiona ni mambo ya kizee.

Baada ya sufuria ikaja harufu, tope la chini kabisa, lisiloona jua. Halafu sauti: meno yanayogongana, ka-ka-ka-ka, nyuma ya kabati. Mama Henriette akasali rozari. Meno hayakunyamaza.

Joëlle, binti yao wa miaka sita, akaja amejikunyata. "Mama, kuko muntu jikoni anatetemeka. Anasema nimukumbatie."

"Ukamujibu nini?"

"Nilimukumbatia kidogo."

Mikono ya mtoto ilikuwa kama samaki wa kwenye barafu.

Mama Mado akaitwa. Akapapasa ukuta mpya, akanong'ona: "Makaa yangu ya jioni ile, mulifanya nini nayo?"

"Tuliiingiza ndani," akasema Papa Germain. "Fundi asiungue."

"Mama yangu we! Na yeye akafuata makaa. Mulimufungia jini ndani, Germain!"

"Nikibomoa, asiranse inakufa. Na maji iko hapo, unaiona. Tungoje kidogo."

"Utangoja na nani?" akauliza Mama Henriette, taratibu.

"Biro yako inalipa na mutoto?" akadakia Mama Mado.

Papa Germain akaegemea ukuta wake mpya. Nyumba ile ilikuwa jasho lake lote.

Joëlle alilala chini ya mablangeti yote ya nyumba, na mchana kweupe, hapa kwetu ambako hata mbuzi wanatafuta kivuli, pumzi yake ikatoka kinywani kama moshi, midomo ikawa ya buluu, na meno yake yakaanza kugongana, ka-ka-ka-ka, sawasawa na yale ya nyuma ya kabati, mpaka mama yake hakujua tena yapi ni ya mtoto na yapi ni ya yule mwingine.

Mama Henriette akachukua nyundo.

Akapiga ukuta, akapiga, matofali yakianguka miguuni, na Papa Germain aliyesimama kumzuia akajikuta anang'oa matofali kwa kucha, na Mama Mado akazunguka nje na makaa kwenye kigae, akirudi kinyumenyume kuelekea majini, akibembeleza, "Njoo, bwana mukubwa, moto uko huku, njoo," na hapo kitu kikapita katikati yao, hawakukiona ila kiliwagusa mpaka mifupani, nyasi zikalala mstari mmoja hadi ziwani, makaa yakalia fsss, yakawa meusi.

Jikoni, sufuria ikatokota.

Masika ziwa likaingia kwenye tundu lile. Wilfried akaja, akatazama. "Papa, ukuta huu haukuvunjwa na maji." Akaaga kwa heshima, na asiranse ikaishia hapo.

Papa Germain hakukaa sana, kifua kilimwondoa. Mdogo wake Rubens akarithi pirogi, mtumbwi wake, na mota yake. Mama Henriette akarithi kipande cha kiwanja ambacho maji yalikiacha. Akakijengea nyumba ya matope, anauza ndagala, dagaa wa ziwa, mpaka leo. Mama Mado naye alipofariki hakuwa na mtoto, kigae chake kikaenda kwa Joëlle.

Msichana huyo mnamwona jioni akishuka ziwani. Hatumii kigae. Anabeba makaa mekundu kwenye viganja vitupu, polepole, kama anayebeba kifaranga, na ngozi yake haiungui. Juzi nilimuuliza, binti, husikii moto?

"Sisikii, bibi. Lakini yeye anaupenda zaidi ukitoka mkononi mwangu."