Saa Yenye Uso wa Mgeni

Aliyeibiwa alikuwa na saa yake mkononi. Hapo ndipo kichwa cha Inspekta kilipoanza kumzunguka.

"Hii si saa ya marehemu mume wangu," alisema mjane. "Yake ilikuwa na tarakimu, na vidoti vya kung'aa gizani. Hii ina vistari tu, kama uso usio na nyusi."

Inspekta akaigeuza. Jina la kiwanda lile lile. Namba ya mgongoni ililingana na ya cheti. Saa ni ile, na saa si ile. Akaandika kwenye jalada, akafuta, akaandika tena.

Mtuhumiwa alikuwa mkaza mwana, mke wa mwanawe wa pekee. Ndiye aliyeipeleka kusafishwa, ndiye aliyeirudisha. Mama mkwe aliapa kwamba ameiuza ya kweli akaleta ya bandia. Mume, katikati ya mama na mke, alikuwa ameamua mke arudi kwao mpaka saa ipatikane. Sanduku lake lilikwisha fungwa, limesimama mlangoni.

"Uliipitisha wapi?"

"Kwa fundi tu, afande."

"Hukuitazama?"

"Nilitazama kama inatembea. Ilikuwa inatembea."

Kwa fundi saa mambo yakazidi kuvurugika. Mzee yule, lenzi jichoni na miaka arobaini kwenye kiti kimoja, alieleza bila haraka kwamba kiwanda kilitoa saa za aina hiyo kwa nyuso nyingi: nyingine tarakimu, nyingine vistari. Bibi amesahau, alisema, uzee huo. Inspekta alikaribia kumwamini. Lakini mjane alikuwa amempa picha ya marehemu, mkono begani kwa mwanawe, na tarakimu zilionekana waziwazi.

Sasa nani mkweli? Inspekta akavuta kiti dirishani, akaikagua saa kama mtu anayechambua mchele. Rangi ya kung'aa kwenye mishale ilikuwa imezeeka, kahawia kama chai. Vistari vya uso vilikuwa vyeupe pe. Mishale vikongwe, uso kigoli. Hawa hawakukua pamoja.

Akainua macho ukutani. Kwenye msumari ilining'inia saa nyingine ya aina ile ile, ikimsubiri mwenyewe. Tarakimu, vidoti vya kahawia, mishale myeupe.

"Hizi mbili ulizifungua siku moja?"

"Huenda."

Inspekta akaitungua ile ya msumarini, akampa. "Nisomee tarakimu ya juu kwenye hii."

Fundi akavua lenzi, akaifuta, akaivaa. Akapapasa kioo kwa kidole.

"Nisomee, mzee."

"Sioni, mwanangu. Mwaka wa pili sasa, nafanya kwa vidole. Mishale niliitenga, kila jozi na kisahani chake. Nyuso nikazichanganya."

"Na uliposikia binti wa watu anaitwa mwizi?"

"Fundi asiyeona, nani atamletea saa? Nikasema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Nikashika jembe langu."

"Kukosea si jinai. Kumdanganya askari na kumwacha mwingine abebe mzigo wako, hilo nitaliandika."

Mjane akaitwa. Alizitazama saa zote mbili, uso kwa uso.

"Wewe macho yako yamekufa, fundi," alisema. "Mimi nilikuwa nayo mawili mazima."

Hakuingoja saa. Alirudi nyumbani, akalishika lile sanduku la mlangoni kwa mikono yake mwenyewe, akaliingiza ndani.